Kilo tisa na mkaa wa babu

Kwa macho lilikuwa kosa dogo: tarakimu mbili zilibadilishana nafasi. Mzani ulisema 76, mkono wangu ukaandika 67. Nikachana stakabadhi, nikampa bibi nakala yake, nikasema "anayefuata", na sikumtazama usoni. Najua sikumtazama kwa sababu aliporudi baada ya miezi mitatu sikumkumbuka hata kidogo, wakati yeye alikumbuka mpaka kitenge nilichojifunga siku ile.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho katika kijiji kimoja cha Newala, mkoani Mtwara, juu ya uwanda wa Makonde. Asiyeijua korosho hawezi kujua karani anaishije kuanzia Oktoba mpaka Januari. Mkulima anafika na gunia kichwani au kwenye baiskeli. Korosho zinamwagwa, zinatazamwa kama zimekauka, zinachambuliwa daraja, zinapimwa. Karani anaandika. Kutoka pale zinapakiwa kwenye lori kwenda ghala kuu, zinasubiri mnada, bei inapatikana, makato yanakatwa, na mwisho pesa inaingia akaunti ya mkulima. Stakabadhi ghalani ndiyo hiyo, huku kwetu tunayo tangu 2007. Safari yote hiyo ndefu imesimama juu ya namba moja iliyoandikwa na mtu aliyekaa juani, ambaye pengine hajanywa chai.

Na mwaka wenyewe ulikuwa 2018. Wanaokumbuka wanakumbuka. Mwishoni mwa Oktoba wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei za mnada. Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaja na magari kusomba mzigo. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba, huyu kalipwa, yule bado. Kila mtu alikuwa na swali, na maswali yote yaliishia mezani kwangu kana kwamba bei niliipanga mimi. Nilikuwa nalala nikiota foleni.

Bibi alirudi Februari. Palikuwa na watu wengi ofisini.

"Mjukuu wangu," akasema, "korosho zangu zimepungua njiani."

"Bibi, korosho hazina miguu," nikamjibu. "Kilichopimwa ndicho kilichoandikwa."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Yeye hakucheka, alikunja karatasi yake mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaondoka bila kuaga.

Jioni, sijui nini kilinisukuma, nikafungua daftari la mpimaji. Mpimaji wetu ni kijana mwenye mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuuona, lakini 76 yake ilikuwa inasomeka vizuri kabisa. Kilo 9. Zidisha kwa 3,300: shilingi 29,700. Kwa mtu aliyepalilia mwenyewe, akaokota mwenyewe, akabeba mwenyewe, hiyo si fedha ya kuchekea.

Kusahihisha kwenye karatasi za chama kulikuwa na mlolongo wake, sitaki kuwachosha nao. Nilichukua noti tatu za elfu kumi za kwangu, nikaenda kwake kesho yake asubuhi. Nikasema shikamoo, safari hii nikiwa nimeinama, nikaomba radhi. Akaitikia marahaba, akapokea pesa, akahesabu. Akahesabu tena. Kisha akasema zimezidi mia tatu.

Nikamwambia bibi acha tu, hiyo ni yako. Akakataa. Akamtuma mtoto dukani kutafuta chenji. Duka la kwanza halikuwa na chenji, mtoto akaenda la mbali, na huko nadhani alikuta mpira. Mimi nikabaki nimekaa kwenye kibaraza cha yule bibi karibu nusu saa nzima, simu imezima chaji, sina gazeti, sina mtu wa kuongea naye, maana mwenyeji alikuwa ameendelea na kupepeta mbaazi zake kana kwamba sipo. Upepo ulikuwa unavuma taratibu. Kuku alikuwa anachakura. Nikagundua kitu cha ajabu: tangu Septemba sikuwa nimekaa hivi, mikono mitupu, hata dakika kumi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka babu na mlango wake.

Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba, kibarua wa mkataba. Vijana wengi wa uwanda huu walikwenda kwenye mashamba ya mkonge enzi za mkoloni, na babu alikwenda Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1950, ndevu hazijamjaa. Huko alipewa kipande, kadi yenye nafasi thelathini. Ukimaliza kazi uliyopangiwa kwa siku, unatiliwa alama. Usipomaliza, au nyapara akisema hujamaliza, siku hiyo imekufa na jasho lake. Mshahara hulipwa alama zikitimia thelathini, hata kama kuzitimiza kumekuchukua wiki sita. Babu alikuwa akituambia, "Kule nilizeeka kwa siku ambazo hazikuandikwa."

Aliporudi Newala akawa na desturi ambayo sisi wajukuu tuliiona ni mambo ya wazee. Usiku kabla ya kulala alichukua kipande cha mkaa jikoni, akaketi kwenye kigoda mbele ya mlango wake wa mbao, akanyamaza. Alinyamaza mpaka ukadhani amesinzia. Kisha akachora mstari mmoja upande wa ndani wa mlango, au asichore, akaenda kulala. Mstari ulikuwa wa siku aliyopata kitu cha kukumbuka. Siku aliyoitafuta kichwani asiione, hakuichora. Hakujua kusoma wala kuandika. Ukimuuliza, "Babu, leo umechora nini?" anaweza kukwambia, "Bibi yenu kacheka peke yake jikoni." Au, "Leo nimeona mbaazi zimetoa ua." Basi. Wala hakueleza zaidi.

Nikiwa pale kibarazani nilijaribu kama yeye. Jana kulikuwa na nini? Juzi? Wiki iliyopita? Nilikuta mihuri, majina na kelele, basi. Ningekuwa na mlango, ungekuwa mweupe tangu msimu uanze.

Mtoto akarudi na mia tatu. Nikaenda zangu, nikapitia dukani kununua kauntabuku.

Mwanzo nilikosea vibaya. Mtu aliyezoea ofisi akipewa karatasi anatengeneza ofisi. Ukurasa wa kwanza niliandika tarehe, nikapiga mstari kwa rula, nikaorodhesha malengo saba: nisiwe mkali, niamke mapema, nipunguze simu, na mengineyo. Kesho yake nikaongeza mawili. Wiki ilipokwisha daftari lilikuwa limekuwa mwenyekiti wa pili, linaniuliza utekelezaji umefikia wapi. Nikazichana kurasa zile, nikawashia moto wa chai.

Nikajaribu kwenye simu. Simu haifai. Unaandika neno la tatu, kundi la ukoo linakukumbusha mchango wa harusi, unajibu, unaangalia picha ya mtu, unajikuta saa nne usiku na hukumbuki ulikuwa unataka kusema nini.

Mwishowe nikairudia kanuni ya babu kama ilivyo. Mstari mmoja. Si lengo wala hukumu; ni kitu nilichokiona, nilichokisikia, au kilichonipata, nikiandika polepole kwa herufi nzuri kama mtoto wa darasa la pili. Nikikosa, naandika tarehe na kuacha kistari. Naona kasi ya mkono ndiyo dawa yenyewe. Ulimi unaweza kusema "korosho hazina miguu" kabla akili haijafika. Kalamu inafika imechelewa, na ikichelewa inakuta maneno mengine.

Baadhi ya mistari ya mwanzo ni hii. "Leo nimesema haraka mara nyingi kuliko shikamoo." "Binti kanionyesha jino lililong'oka, nikamwambia weka hapo, sikulitazama." "Mvua imepiga bati mpaka redio ikanyamaza yenyewe." "Nimekula ming'oko aliyochimba dada, nimekumbuka kutafuna." Ndiyo, kutafuna. Ming'oko, vile viazi vya porini, haimezwi kwa haraka kama wali wa mgahawani, inakulazimisha.

Mume wangu alikaa kimya siku nne, ya tano akauliza, "Unamwandikia nani barua?" Swali halali, mke anayeandika usiku kwa taa ya sola, akifunika daftari mtu akipita, angeulizwa popote. Nikamsomea mistari mitatu. Mmoja ulimhusu: "Kapika chai mwenyewe, kaniachia sukari ya mwisho." Hakusema neno, akageukia ukutani. Hajauliza tena. Ila chai ya asubuhi imekuwa ikipikwa mara kwa mara, na sijui niiandike kama faida ya daftari au bahati tu.

Tatizo lilikuwa mahali pa kunyamaza. Nilidhani kutafakari kunataka mandhari, basi Jumapili moja nikaenda Shimo la Mungu, pale ardhi ya Newala inapoporomoka ghafla na bonde la Ruvuma linalala chini, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Pazuri mno. Nikakaa kwenye jiwe. Haikupita robo saa, wanawake wawili wakasimama: "Mwenzetu, kuna msiba?" Nikasema hakuna. Wakaondoka wakigeuka nyuma. Baada ya muda nikamwona mjomba anakuja na baiskeli, kaambiwa mpwa wake kakaa ukingoni peke yake. Mwanamke aliyetulia bila mzigo, kwetu, ni habari ya kupelekwa kwa wajomba. Nikarudi nyumbani kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikijieleza njia nzima.

Mahali nilipata nilipokuwa nimesimama siku zote: foleni ya maji. Uwanda wetu ni mchanga, mvua inazama mbali. Bibi zetu walishuka mabondeni na mitungi wakaupanda ule mteremko na maji kichwani. Siku hizi maji yanasukumwa kwa pampu kutoka chini kuja juu, na pampu ikigoma ndoo zinapangwa bombani tangu alfajiri. Zamani nilikuwa nasimama pale na simu, nikinung'unika. Nikaanza kuiacha nyumbani. Hakuna anayekushangaa ukinyamaza kwenye foleni ya maji. Wote wana usingizi. Nasimama nyuma ya ndoo yangu ya njano nikiipitia jana polepole, toka nilipoamka. Yapo yanayonichekesha, mengine yananichoma. Kalamu naishika usiku, lakini mstari mara nyingi nimeshauokota pale bombani.

Sisi tuliosoma chuoni, yaani madrasa, tuliambiwa na ustadhi maneno yanayonukuliwa kwa Sayyidna Umar: jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Utotoni niliyasikia kama fimbo. Sasa nayasikia tofauti kidogo, labda kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yangu na najua anayehesabu kwa hasira hukosea.

Tarehe 25 Aprili 2019 nakumbuka bila hata kufungua daftari. Kimbunga Kenneth kilikuwa kinakuja, redio zimetutangazia watu wa Mtwara na Lindi tukae mahali salama, shughuli zimesimama. Tulijifungia ndani, watoto chini ya meza kwa mchezo, sisi tukisikiliza. Upepo ule tuliouogopa haukutufikia. Kimbunga kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, ambako tuna ndugu wa lugha na wa damu. Usiku niliandika: "Kijiji kizima kimenyamaza leo, nimesikia paka wa jirani akitembea juu ya bati." Kisha nikavunja kanuni, nikaongeza wa pili: "Simu ya shangazi wa Msumbiji haipatikani." Ilipatikana siku ya sita. Ile mistari miwili ikikaa pamoja inaniambia habari za siku ile kuliko picha zote nilizotumiwa.

Juni, wakati wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, wanaume wako mashambani na mashine mgongoni, ofisini pametulia, nikasoma daftari zima tangu Februari. Nilitegemea kukuta mambo mazito. Nikakuta chai. Siku nilizoandika nimemfokea mtu, au nimefoka nyumbani, zilikuwa siku nilizotoka bila kula. Hazikuwa mbili tatu, karibu zote. Miaka yote nilikuwa najiita mkali wa kazi, mtu asiyependa mchezo, na kumbe nilikuwa na njaa. Nilicheka peke yangu ofisini kama bibi yangu jikoni. Tangu hapo natembea na muhogo wa kuchemsha kwenye mkoba. Unaweza kusema hilo halihitaji daftari, mtu yeyote angeniambia. Waliniambia! Mama aliniambia miaka kumi. Sikuwahi kuliona kwa mwandiko wangu.

Kuna kitu kingine nilikifikiria siku ile, kwa kuwa ni kazi yangu kukitazama. Korosho mbichi ukiiweka kwenye gunia na unyevu wake, inapata joto, inaota ukungu, na gunia zima linaweza kushushwa daraja kwa ajili ya uvivu wa siku mbili tatu za kuanika. Iliyokauka unaijua hata kwa mlio ukiimimina. Siku zangu nilikuwa nazifunga mbichi, moja juu ya nyingine, kisha nashangaa harufu.

Oktoba ilipofika nilianza utaratibu mpya mezani. Mpimaji akitaja namba, naitaja kwa sauti kwa mkulima, namtazama, nasema, "Taja tena." Akiitaja yeye ndipo naandika. Mwenyekiti alinung'unika kwamba foleni inarefuka, na kweli ilirefuka. Vijana wakanipa jina, Karani Taja Tena, mpaka leo linanifuata sokoni. Msimu ule nilikosea mara mbili, na mara zote mbili mkulima alinikamata palepale kabla wino haujakauka.

Sitaki mtu adhani daftari ni dawa ya kila kitu. Mama alipofariki, 2021, sikuandika kwa miezi miwili. Nilikuwa nachukua mkaa tu, kama babu, nachora ndani ya jalada, na usiku mwingine sichori. Na jirani yangu alipojifungua akawa halali, analia, anasema mtoto si wake, rafiki yake mmoja alimwambia aige mtindo wangu wa kuandika. Nilikataa mbele yao wote. Nilimshika mkono tukaenda kituo cha afya, na muuguzi aliyemsikiliza ndiye aliyemsaidia. Yapo pia mambo siandiki kabisa, kwa sababu nyumba yetu ina watu sita na wanne wanajua kusoma.

Nyumba ya babu tuliivunja tulipojenga ya matofali. Mlango niliomba mimi. Umeegemea ukuta wa stoo, nyuma ya magunia matupu, na mkaa bado unaonekana sehemu ambazo mchwa hawakupita. Binti yangu, yule wa jino, aliwahi kujaribu kuhesabu mistari akachoka kabla ya kufika katikati ya ubao.

Yule bibi bado analeta korosho. Kila mwaka kidogo kuliko mwaka uliopita, mikorosho yake imezeeka naye. Hajawahi kuitaja ile 67, na ameniita "mjukuu wangu" vilevile kama siku ya kwanza. Msimu uliopita alikuja na nusu gunia, fimbo mkononi, mjukuu wake wa kweli amebeba. Tukapima. Mpimaji akasema, nami nikamgeukia bibi nikamtazama vizuri usoni.

"Thelathini na moja, bibi."

Ilikuwa zamu yake kurudia. Akaegemea fimbo. Akautazama mzani, akanitazama mimi, akautazama tena mzani, watu zaidi ya ishirini nyuma yake wanasubiri na jua limeshakuwa kali.

"Taja tena," akasema.